Mizabibu ya Mababu: Somo Kutoka Shamba la Hill of Grace

Katika jimbo la Australia Kusini, kaskazini-mashariki ya mji wa Adelaide, limo shamba dogo la mizabibu liitwalo Hill of Grace, yaani Kilima cha Neema. Ingawa jina lataja kilima, shamba lenyewe limo katika bonde la kina kifupi, yapata mita 400 juu ya usawa wa bahari, mkabala wa kanisa la zamani la Kilutheri liitwalo Gnadenberg. Jina la shamba ni tafsiri ya jina hilo la Kijerumani. Eneo lake ni hekta 8 hivi, na karibu nusu yake imepandwa aina ya mzabibu mwekundu iitwayo Shiraz.

Mizabibu iliyo mizee kuliko yote shambani humo ilipandwa yapata mwaka 1860. Wenyeji huiita "Mababu". Imepita miaka zaidi ya 160, na mizabibu hiyo bado huchanua, huzaa na kuvunwa kila mwaka. Mvinyo utokanao na shamba hilo ni miongoni mwa mivinyo yenye sifa kubwa na bei ya juu kabisa nchini Australia.

Jambo hili lazua maswali matatu yanayomhusu mwanafunzi wa sayansi. Kwanza, kwa nini mizabibu hiyo iko hai, hali mizabibu mingi ya rika lake huko Ulaya ilikufa zamani? Pili, je, ni kweli kwamba umri wa mmea ndio unaoleta ubora wa mvinyo? Tatu, kama mizabibu hiyo ikipotea, je, yaweza kurejeshwa?

Asili ya shamba

Mzabibu wa mvinyo, ambao jina lake la kitaalamu ni Vitis vinifera, si mmea wa asili wa Australia. Uliletwa na walowezi kutoka Ulaya. Mmoja wa watu wanaokumbukwa katika historia hiyo ni James Busby, ambaye mwaka 1831 alizunguka Hispania na Ufaransa akikusanya vikonyo vya aina nyingi za mizabibu, na mkusanyo huo ukafika Sydney mwaka 1832. Shiraz, ambayo Wafaransa huiita Syrah, ni aina itokayo bonde la mto Rhône. Uchunguzi wa vinasaba uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1990 ulionyesha kwamba aina hiyo ilizaliwa kutokana na aina mbili za Kifaransa, Dureza na Mondeuse Blanche.

Watu waliolima sehemu za Barossa na Eden Valley, ambamo shamba hili limo, wengi wao walikuwa Walutheri waliohama Silesia, eneo lililokuwa chini ya ufalme wa Prussia, kwa sababu ya kubanwa katika mambo ya dini. Mmoja wao alikuwa Johann Christian Henschke, aliyefika Australia mwaka 1841. Ukoo wake huhesabu mwaka 1868 kuwa ndio mwanzo wa biashara yao ya mvinyo. Mizabibu ya Mababu yenyewe ilipandwa na mlowezi mwingine, Nicolaus Stanitzki, na shamba likaja mikononi mwa ukoo wa Henschke baadaye.

Kwa muda mrefu zabibu za shamba hilo zilichanganywa na za mashamba mengine. Mwaka 1958 Cyril Henschke, wa kizazi cha nne, alitengeneza mvinyo kutokana na zabibu za shamba hilo pekee, akauita kwa jina la shamba. Siku hizo Waaustralia wengi walipenda mivinyo mitamu na mikali iliyoongezewa pombe kali. Kutoa mvinyo mkavu wa shamba moja lilikuwa jambo la kuthubutu. Tangu mwaka 1979 kazi hiyo imeendelezwa na mwanawe, Stephen Henschke, pamoja na mkewe Prue, mtaalamu wa mimea.

Mdudu aliyeangamiza mashamba ya Ulaya

Ili kuelewa thamani ya Mababu, hapana budi kutazama msiba uliolipata bara la Ulaya katika nusu ya pili ya karne ya 19. Katika miaka ya 1860 wakulima wa kusini mwa Ufaransa waliona mizabibu yao ikinyauka bila sababu iliyojulikana. Mwaka 1868 mtaalamu wa mimea Jules-Émile Planchon na wenzake waling'oa mizabibu iliyokuwa bado hai, wakakuta mizizi yake imejaa wadudu wadogo sana wa rangi ya manjano. Mdudu huyo huitwa filoksera, naye ni ndugu wa vidukari wanaojulikana na kila mkulima wa mboga.

Asili ya filoksera ni Amerika ya Kaskazini. Mizabibu ya porini ya huko imeishi pamoja naye kwa muda mrefu mno, nayo imepata kinga: mdudu anapotoboa mzizi, mmea hujenga tabaka la seli ngumu mfano wa gome na kulifungia jeraha. Mzabibu wa Ulaya hauna kinga hiyo. Mzizi wake hufanya uvimbe, uvimbe hupasuka, na kuvu wa udongoni hupenya na kuuozesha. Jike la filoksera huweza kuzaa bila kupandwa na dume, kwa hiyo mdudu mmoja tu aweza kuwa chanzo cha ukoo mzima.

Dawa iliyofaulu ilikuwa ya kibiolojia. Wakulima walichukua mche wa mzabibu wa Kimarekani wenye mizizi sugu, wakaubebesha tawi la mzabibu wa Ulaya wenye zabibu nzuri. Njia hii ni ile ile inayotumiwa na mabwana shamba wanapobebesha miche ya michungwa na miembe. Hadi leo mizabibu mingi ya dunia imesimama juu ya mizizi isiyo yake. Lakini ili kubebesha miche mipya ilibidi kung'oa mizabibu ya zamani. Hivyo Ulaya iliokoa aina zake za zabibu, ila ilipoteza sehemu kubwa ya mizabibu yake mizee.

Mlango uliofungwa

Australia haikusalimika kabisa. Filoksera aligunduliwa karibu na Geelong, katika jimbo la Victoria, mwaka 1877, na mashamba mengi yakaangamia au yakang'olewa kwa amri ya serikali. Jimbo jirani la Australia Kusini lilijifunza kutokana na msiba huo. Mwaka 1899 lilitunga sheria ya filoksera iliyozuia kuingizwa ovyo kwa mizabibu na kuanzisha ukaguzi wa mashamba. Karantini hiyo imeendelea kuimarishwa, na filoksera hajapata kuonekana katika jimbo hilo.

Ndiyo maana Mababu wa Hill of Grace wamesimama juu ya mizizi yao wenyewe. Mizabibu hiyo ilitokana na vikonyo vilivyotoka Ulaya kabla ya msiba wa filoksera, ikapandwa moja kwa moja ardhini bila kubebeshwa.

Yafaa kuzingatia kwamba mdudu huyu husafiri mwendo mfupi tu kwa nguvu zake mwenyewe. Msafirishaji wake mkubwa ni binadamu: kikonyo kilichofichwa katika mzigo, udongo ulioganda kwenye buti, trekta lililotoka shamba lenye ugonjwa. Kwa sababu hiyo wageni wanaotembelea mashamba ya Australia Kusini huombwa wasipite ovyo kati ya mizabibu, na viatu pamoja na vyombo husafishwa. Mtu aweza kuliona jambo hilo kuwa dogo. Lakini uhai wa mmea wa miaka 160 waweza kutegemea bonge la udongo lililo chini ya kiatu.

Jinsi mzabibu unavyozeeka

Mzabibu hauna umri maalumu wa kufa kama ulio nao mmea wa mahindi. Kila mwaka huchipua matawi mapya kutoka kwenye macho ya matawi ya mwaka uliotangulia, na mkulima hukata matawi hayo wakati wa baridi. Katika Australia Kusini macho hufunguka mwezi Septemba, maua hutokea karibu na Novemba, na mavuno huwa Machi au Aprili. Kisha majani hupukutika na mmea hupumzika. Mambo ni tofauti Dodoma, nchini Tanzania, ambako hakuna majira ya baridi kali: mzabibu hukatiwa na kuvunwa mara mbili kwa mwaka.

Kadiri miaka inavyopita, shina hunenepa, hujipinda na kupasuka. Aghalabu sehemu ya katikati huoza na kuacha uwazi, na kwa hiyo si rahisi kuujua umri wa mzabibu mzee kwa kuhesabu pete za mti. Hutegemewa zaidi kumbukumbu za maandishi na historia ya ukoo. Mwanafunzi aweza kuuliza: mmea wenye shina lililo wazi waishije? Jibu ni kwamba mirija inayopandisha maji imo katika mbao changa za upande wa nje, na ile inayoshusha sukari imo karibu na gome. Mbao za kati husaidia kushikilia shina na kuhifadhi akiba ya chakula, lakini si njia kuu ya maji.

Mizizi nayo huendelea kushuka na kutambaa. Udongo wa Hill of Grace ni wa tifutifu lenye kina, na chini yake umo mfinyanzi unaohifadhi unyevu. Mvua ya mahali hapo ni kiasi cha milimita 500 kwa mwaka, nayo hunyesha zaidi majira ya baridi. Mababu hawamwagiliwi maji. Wakati wa kiangazi, mmea mchanga wenye mizizi mifupi huweza kunyauka siku chache baada ya udongo wa juu kukauka. Mzabibu mzee huendelea kuvuta unyevu wa chini. Kadhalika, shina nene na mizizi mikubwa huwa na wanga mwingi uliohifadhiwa, na akiba hiyo huusaidia mmea mwanzoni mwa majira, kabla majani hayajaweza kujitengenezea chakula cha kutosha.

Kutoka zabibu hadi mvinyo

Mzabibu mzee kwa kawaida huzaa kidogo. Matawi yake hayana nguvu nyingi, na vishada vyake huwa vichache. Mara nyingi punje zake pia huwa ndogo, na hapa hesabu rahisi yatoa fundisho. Punje ya zabibu ikichukuliwa kuwa tufe, uwiano wa eneo la ganda kwa ujazo wake ni 6 kugawanya kwa kipenyo. Punje ya kipenyo cha milimita 10 ina uwiano wa 0.60 kwa milimita. Punje ya milimita 14 ina uwiano wa 0.43 tu. Kwa kuwa rangi nyekundu, tanini na sehemu kubwa ya harufu ya Shiraz zimo katika ganda, wala si katika maji ya ndani ambayo karibu hayana rangi, punje ndogo hutoa mvinyo ulio mzito zaidi kwa rangi na ladha.

Zabibu zikisha kuvunwa hupondwa, kisha juisi na maganda huachwa pamoja ili hamira ifanye kazi. Kwa zabibu za Hill of Grace hutumiwa matangi ya asili yaliyo wazi kwa juu. Mabadiliko makuu ya kikemia ni haya:

C6H12O6 → 2 C2H5OH + 2 CO2

Yaani molekuli moja ya glukosi hutoa molekuli mbili za alkoholi na mbili za gesi ya kaboni dayoksaidi. Kwa vipimo, gramu 180 za glukosi zingetoa gramu 92 za alkoholi na gramu 88 za gesi. Kwa kweli alkoholi hupungua kidogo, kwa sababu hamira hutumia sehemu ya sukari kujijenga na kutoa vitu vingine. Joto nalo hutolewa, na gesi inayopanda huinua maganda hadi juu. Kwa hiyo hapana budi maganda yazamishwe tena na tena ili rangi itoke. Baadaye mvinyo huwekwa katika mapipa ya mti wa mwaloni kwa zaidi ya mwaka mmoja, na kisha hupumzishwa ndani ya chupa.

Si kila mwaka hutoa mvinyo wa jina hilo. Zabibu zisipofikia kiwango kinachotakiwa, wenye shamba hawautoi, kama ilivyotokea kwa mavuno ya mwaka 2000 na ya mwaka 2011.

Je, umri ndio sababu?

Hapa mwanafunzi yampasa kuwa mwangalifu. Kwa kuwa mvinyo wa Hill of Grace ni bora na mizabibu yake ni mizee, ni rahisi kuhitimisha kwamba uzee ndio uletao ubora. Lakini kuona mambo mawili pamoja si uthibitisho kwamba moja limezaa jingine.

Kwanza, mizabibu mizee hutofautiana na michanga kwa mambo mengi kwa wakati mmoja. Imo katika udongo teule, haimwagiliwi, huzaa kidogo, na hutunzwa kwa mikono na watu wenye ujuzi. Mzabibu mchanga ukipunguzwa vishada ili uzae kidogo, nao waweza kutoa zabibu nzito. Pili, umo mchujo wa wakati. Katika miaka 160 mashamba mabaya yaling'olewa, na yale mazuri yaliachwa. Hivyo inawezekana kwamba shamba hili si bora kwa sababu ni zee, bali limeachwa likazeeka kwa sababu lilikuwa bora tangu awali. Tatu, sifa na jina huathiri maoni ya mwonjaji, na ndiyo sababu wataalamu huonja mivinyo bila kuonyeshwa chupa.

Hata hivyo, si haki kusema kwamba umri hauna maana. Mizizi mirefu na akiba kubwa ya chakula humpa mzee uthabiti: mwaka wa ukame hauudhoofishi upesi, na mwaka wa neema hauufanyi uzae kupita kiasi. Jambo linaloweza kusemwa kwa usalama ni kwamba umri huleta utulivu wa mmea katika mahali pake, na utulivu huo humsaidia mtengeneza mvinyo aliye stadi.

Kisichoweza kunakiliwa

Hatari ya mizabibu mizee si filoksera pekee. Katikati ya miaka ya 1980 Australia ilikuwa na zabibu nyingi kuliko mahitaji, na walaji walipendelea mvinyo mweupe. Serikali ya Australia Kusini ilianzisha mpango wa kuwalipa wakulima ili wang'oe mizabibu yao. Mizabibu mingi mizee ya Shiraz na Grenache katika Barossa ikang'olewa kwa fedha za umma, miaka michache tu kabla ya dunia kuanza kuitafuta mivinyo ya aina hiyo. Mmea uliookolewa na sheria ya mwaka 1899 uliweza kuuawa na hesabu ya soko ya muda mfupi. Mwaka 2009 wakulima wa Barossa waliandika hati ya kuitambua mizabibu mizee kwa madaraja ya umri: miaka 35, 70, 100 na 125. Mababu wa Hill of Grace wamo katika daraja la juu kabisa. Hata hivyo hati hiyo ni heshima tu. Haimzuii mwenye shamba kung'oa.

Kuanzia miaka ya 1980 Prue Henschke alianza kazi ya kuurithisha uzao wa mizabibu hiyo. Mizabibu iliyoonekana bora ilitiwa alama na kuchunguzwa kwa misimu kadhaa: uzima wake, uzazi wake, na ladha ya zabibu zake. Vikonyo vilichukuliwa kutoka mizabibu mingi iliyochaguliwa, wala si kutoka mmoja tu. Sababu yake ni ya kijenetiki. Ingawa mzabibu huongezwa kwa vikonyo, na kila kikonyo ni nakala ya mama yake, mabadiliko madogo ya vinasaba hutokea katika macho ya mmea kadiri miaka inavyopita. Hivyo shamba la zamani huwa na tofauti ndogo ndogo nyingi. Kupanda nakala za mmea mmoja tu ni kuzitupa tofauti hizo, na ugonjwa mpya ukitokea, wote wataugua kwa namna moja.

Basi, swali la tatu lina majibu mawili. Vinasaba vya Mababu vyaweza kurithishwa kwa vikonyo, na kazi hiyo inafanyika. Lakini mizizi iliyoshuka kwa miaka 160, na shina lenye akiba ya misimu yote hiyo, havina kikonyo. Mche utakaopandwa leo mahali pa babu aliyekufa utafikia umri wa Mababu wa sasa baada ya vizazi vitano au sita vya binadamu, na katika muda huo wote itabidi kila kizazi kikatae kuung'oa, na kila mgeni asafishe viatu vyake.

Mazoezi kwa darasa

1. Chora mkato wa shina la mmea wa miti na uonyeshe mirija ya maji, mirija ya chakula na mbao za kati. Eleza kwa nini mti wenye uwazi katikati huweza kuishi, lakini mti uliochunwa gome kuzunguka shina lote hufa.

2. Kokotoa uwiano wa eneo la ganda kwa ujazo kwa punje zenye kipenyo cha milimita 8, 12 na 16. Chora grafu na ueleze mwelekeo wake.

3. Juisi ina gramu 225 za glukosi katika kila lita. Tafuta uzito wa alkoholi ambayo ingepatikana kutoka lita moja kama sukari yote ingebadilika.

4. Pendekeza jaribio litakaloonyesha kama umri wa mzabibu wenyewe huathiri ubora wa zabibu. Ni mambo gani yatakayopaswa kuwa sawa kwa mizabibu mizee na michanga?

5. Tembeleeni shamba au bustani iliyo karibu na shule, mtafute mmea mmoja unaoongezwa kwa vikonyo, kama muhogo au viazi vitamu. Ulizeni mbegu yake ilitoka wapi na nani aliileta. Jadilini ni ugonjwa au mdudu gani angeweza kuja pamoja nayo, na ni hatua gani zingemzuia.